Kurudisha nguvu za mguu uliowekewa msumari: shajara ya mradi, wiki ya 0 hadi ya 24

Wiki ya 0: mguu wenyewe

Mguu ni wa kushoto. Muundi ulivunjika katikati kwa ajali ya bodaboda, ukawekewa msumari ndani ya mfupa pamoja na skrubu mbili juu na mbili chini. Mteja amekaa miezi 10 bila kugusa chuma: magongo mawili, kisha moja, kisha kuchechemea. Uzito wa mwili kilo 74. Kabla ya ajali alikuwa akipiga skwati (kuchuchumaa na kuinuka na uzito) kilo 111 mara 5 na dedilifti (kuinua nondo kutoka sakafuni) kilo 131 mara 5.

Msumari ni wa aina ya SIGN, unaokutwa kwenye miguu mingi Afrika Mashariki kwa sababu ulibuniwa kwa ajili ya vyumba vya upasuaji visivyo na eksirei ya kuonyesha papo hapo. Kwa mtu wa mazoezi, jambo la kujua ni mahali unapoingilia: chini kidogo ya pia ya goti, ukipita katikati ya kano ya goti au kando yake. Ndiyo maana mvunjiko uko katikati ya muundi lakini goti ndilo litakalosumbua. Wengi huogopa kwamba mfupa umeachia tena, kumbe ni kano inayolalamika.

Sharti la kwanza linatoka kwa daktari wa mifupa. Picha ya mbele na ya ubavuni kwa pamoja huonyesha kingo nne za mfupa. Zikiwa tatu zimeunga, kwa kawaida mfupa huhesabiwa kuwa umeshika. Hapa zilikuwa tatu. Asiye na picha ya karibuni akapige kwanza, maana mtu anaweza kutembea vizuri tu huku msumari ndio unaobeba kila kitu, na chuma kinachobeba peke yake kwa muda mrefu huchoka kikakatika. Mara nyingi skrubu ndizo hutangulia.

Kinachosimamisha mradi papo hapo na kumrudisha mtu hospitali: maumivu ya pale mfupa ulipovunjika yanayozidi kila akikanyaga au yanayomwamsha usiku, joto, wekundu au usaha kwenye kovu, kigimbi kilichovimba na kuuma ghafla, hasa kikiambatana na kukosa pumzi. Hilo la mwisho huenda ni damu iliyoganda kwenye mshipa, na halisubiri kesho.

Wiki ya 0: vyuma

Jimu ni ya uani. Nondo, yaani chuma kirefu cha kunyanyulia, ilitengenezwa na fundi wa kuchomelea; sahani, yaani uzito wa duara wa kuvika kwenye ncha zake, nyingine ni za chuma chakavu, nyingine za zege lililomwagwa kwenye makopo ya rangi. Kila kitu kilipimwa kwenye mizani ya muuza mchele kabla ya seti (mkupuo mmoja wa marudio) ya kwanza. Nondo iliyokuwa ikihesabiwa kilo 20 ina kilo 11. Sahani mbili za zege zilizoandikwa 20 zilikutwa moja na kilo 20.1, nyingine 16.3.

Tofauti ya karibu kilo 4 baina ya pande mbili humlaza mnyanyuaji upande mmoja, na kwa aliyevunjika, lawama yote itaangukia mguu. Ile nyepesi ilifungiwa vipande vya nondo za ujenzi kwa waya hadi ikafika 20, kisha uzito halisi ukaandikwa kwenye kila sahani kwa rangi ya mafuta. Hata zile kilo 111 za zamani mwenyewe alikuwa akizihesabu 120.

Wiki ya 0: vipimo

Kulia kwanza, kushoto baadaye:

- Mzunguko wa paja, sentimita 15 juu ya ukingo wa pia ya goti: 54.0 / 49.5
- Mzunguko wa kigimbi mahali panene zaidi: 37.5 / 34.0
- Goti ukutani (umbali wa kidole gumba kutoka ukutani, goti likigusa ukuta na kisigino kikiwa chini): sm 11 / 5.5
- Kunyanyua kisigino kwa mguu mmoja hadi kushindwa: 19 / 2
- Kuinuka kitini kwa mguu mmoja: 9 / 0
- Mizani mbili, kusimama wima: kilo 43 / 31
- Mizani mbili, katikati ya skwati bila uzito: kilo 48 / 26

Mzunguko hupimwa asubuhi, kabla ya mazoezi, kwa futi ya fundi cherehani, misuli ikiwa imelegea. Ukipima baada ya seti, damu imejaa kwenye misuli na paja linaweza kuongezeka karibu sentimita nzima pasipo na faida yoyote. Sehemu ya kupimia itafutwe kwa rula kila mara kuanzia kwenye pia ya goti. Jicho halitoshi.

Kipimo cha mizani mbili za bafuni kingefaa kila jimu. Kanyaga moja kwa kila mguu, shuka taratibu, simama katikati. Kwanza, mtu mmoja apimwe kwenye mizani zote mbili, kwa sababu za bei nafuu hazikubaliani. Tofauti yao itolewe kwenye hesabu. Pili, asome mwingine. Anayeinamisha kichwa kusoma mwenyewe tayari ameshahamisha uzito. Mteja huyu alikuwa na uhakika kwamba anakanyaga sawasawa, na mizani zikasema anashuka na tofauti ya kilo 22.

Tazama pia ile 19 ya mguu wa kulia. Mguu mzima wa mtu wa mazoezi unatarajiwa kufika 25 hivi. Miezi 10 imeula mguu mzima pia, kwa hiyo kulinganisha kushoto na kulia ni kutumia rula iliyokatika. Kushoto kunaweza kufika asilimia 90 ya kulia na bado kukawa dhaifu. Lengo la mradi liliandikwa kwa namba, si kwa asilimia: visigino 25 kila mguu, goti ukutani sm 10, skwati kilo 111.

Wiki ya 1 hadi ya 3

Mazoezi ya mguu mara tatu kwa wiki. Kifua, mgongo na mabega viliendelea kama kawaida siku nyingine. Hakuna sababu ya kuvilaza.

Kukaza paja: taulo iliyokunjwa chini ya goti, mguu umenyooka, bonyeza taulo sekunde 10, mara 10. Hili ni la nyumbani, kila siku, asubuhi na jioni. Linaonekana la kitoto, lakini goti lililofanyiwa upasuaji likiwa bado na majimaji huzima misuli ya mbele ya paja, na misuli iliyozimwa haiamshwi kwa kuongezewa uzito.

Skwati ya mkanda: mkanda wa kufungia mizigo umezungushwa kwenye nguzo na kupita nyuma ya magoti yote mawili. Kaa nyuma hadi mapaja yakaribie usawa wa sakafu, muundi ukiwa wima, kifua juu, usitikisike. Sekunde 45, seti 5, pumzika dakika 2. Kano hupata kazi nzito bila goti kujikunja na kujikunjua. Usitumie tyubu ya baiskeli hapa. Inavutika, na anayeegemea tyubu huishia kukaa chini.

Kupanda tofali: tofali la inchi 5 lililolazwa, mguu wa kushoto juu, shuka kwa sekunde 3. Seti 3 za 8. Kosa la kila mtu ni kujisukuma kwa mguu wa chini bila kujua. Dawa yake ni kuinua vidole vya mguu huo ili kisigino pekee kiguse sakafu. Hapo hakuna cha kujisukumia. Marudio yatashuka kutoka 8 hadi 4 mara moja, na hiyo 4 ndiyo ya kuandika.

Visigino: panda kwa miguu miwili, shuka kwa kushoto peke yake kwa sekunde 3. Seti 3 za 8.

Mwisho wa wiki ya 3: visigino vya mguu wa kushoto 7, kuinuka kitini 2, paja 49.7. Nguvu imepanda na paja limebaki palepale. Si ajabu: wiki za mwanzo ni neva zinazojifunza upya kuita misuli, nyama huja baadaye. Anayejipima kwa futi peke yake hukata tamaa hapa bure.

Kanuni ya asubuhi

Iliandikwa ukutani kwa chaki. Maumivu yanahesabiwa 0 hadi 10. Wakati wa seti, 0 hadi 3 endelea. 4 au 5 maliza lakini usiongeze uzito. Zaidi ya 5 acha zoezi hilo. Kipimo chenyewe hasa ni kesho yake asubuhi, kwenye ngazi au kwenye choo cha kuchuchumaa, kabla misuli haijapata moto. Maumivu yakiwa yamerudi pale yalipokuwa jana asubuhi, uzito ulikuwa halali. Yakiwa yamepanda, uzito ulikuwa mkubwa hata kama jana seti ilikwenda kama maji.

Wiki ya 4 hadi ya 7

Skwati ya kukumbatia dambeli (uzito mfupi wa mkononi) kifuani, ukishukia kwenye benchi la sm 45, kugusa bila kuketi. Kilo 10, seti 3 za 10, kisha kilo 12, kisha kilo 16. Mazoezi ya mguu mmoja huanza kushoto, na kulia kunafanya idadi ileile tu iliyowezwa na kushoto. Kulia kunajua zaidi, kunyimwe.

Wiki ya 6 mteja aliruka kutoka kilo 16 hadi 24 siku moja, akaongeza na lanji (hatua ndefu ya mbele huku ukishuka kwa kukunja magoti) nje ya mpango kwa kuwa "mguu umerudi". Asubuhi yake: 6 chini ya pia ya goti, ngazi zikawa za kushuka kiubavu.

Majimaji ya goti hukaguliwa hivi: mguu umenyooka, misuli imelegea, kwa kiganja sukuma upande wa ndani wa goti kuelekea juu mara mbili tatu, kisha teremsha kiganja upande wa nje kutoka juu kwenda chini, huku ukitazama kile kibonde cha ndani. Kikijaa taratibu kama kitu kinachotiririka, goti lina maji. Kilijaa.

Hakulazwa chini. Siku 4 za skwati ya mkanda pekee, 5 za sekunde 45 kila siku, pamoja na kukaza paja; tofali na lanji vikawekwa kando; visigino viliendelea kwa sababu havigusi goti. Siku ya 5 kibonde hakikujaa tena, asubuhi ikawa 2, akarudi kilo 12. Kupumzika kabisa kungetuliza maumivu vilevile, lakini kano ingerudi ikiwa dhaifu zaidi kuliko ilivyokuwa.

Kilichotokea kina maelezo. Misuli iliyowahi kuwa na nguvu hurudi haraka. Kano hujijenga kwa miezi. Kati ya wiki ya 5 na ya 8 misuli inaweza kuvuta kuliko kano inavyoweza kustahimili, na ndicho kipindi ambacho mtu hujiona amepona. Tangu hapo mpango ukawa na kikomo: nyongeza moja kwa wiki, ama uzito ama zoezi jipya, kamwe si vyote viwili.

Wiki ya 8 hadi ya 12: nondo inarudi

Skwati na nondo mgongoni: kilo 31 seti 3 za 8, ikafika 51 kwa 6 mwisho wa wiki ya 12. Kila seti iliachwa ikiwa na akiba ya marudio mawili. Kushindwa chini ya nondo si mafunzo kwa mguu huu, maana mwili unaoshindwa hukimbilia mguu wa kulia, na hilo ndilo zoea tunalolivunja.

Nyongeza ndogo ni tatizo la jimu za mtaani. Sahani ndogo kabisa ilikuwa kilo 5, yaani kilo 10 kwa mruko. Suluhisho ni soksi zilizotiwa mchanga, kila moja kilo 1.25 kwa mizani, zimefungwa kwa tyubu kwenye ncha za nondo. Chupa ya maji ya lita 1.5 nayo hufaa, mradi ijae hadi mdomoni. Iliyo nusu huyumba na kuvuta nondo.

Kifundo cha mguu, kwa kipimo cha goti ukutani, kilikuwa sm 7 wakati huo, na nyonga ya kushoto ilikwepa kwenda kulia kila akishuka. Iliwekwa mbao ya sm 2 chini ya visigino vyote viwili. Mbao humwezesha mtu kushuka wima, ila goti husogea mbele na kano yake hubeba zaidi, kwa hiyo wiki ya kwanza ya mbao uzito ulibaki 31. Usiweke mbao mguu mmoja tu. Nyonga zitapinda na mgongo utalipa.

Dedilifti ya Kirumania (kuinama kwa nyonga, nondo ikishuka mbele ya mapaja) ilikwenda kwa urahisi kuliko yote: 41 hadi 71 kwa 8, maumivu 0. Goti hujikunja kidogo tu na kifundo hakidaiwi chochote. Aliyevunjika muundi anaweza kuijenga nyonga mapema huku goti likisubiri zamu yake.

Skwati ya Kibulgaria, mguu wa nyuma juu ya benchi, dambeli za kilo 5 kila mkono: kushoto seti 3 za 8, kulia seti 2. Ile seti ya tatu ya kushoto ndiyo inayoziba pengo. Ukifanya sawa kwa sawa, pengo nalo husonga mbele sawa kwa sawa.

Mizani mbili wiki ya 10, uzito wa mwili 75: katikati ya skwati 40 / 35.

Chakula kilihesabiwa mara moja ili kujua pengo. Gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili ni kama 120 kwa siku. Yai lina kama 6, glasi ya maziwa ya mililita 250 ina 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa 15, gramu 50 za dagaa wakavu hukaribia 30. Ugali na mboga za majani haufiki hata ukiwa sinia zima. Dagaa asubuhi na maharage mchana vilibadilisha hesabu kuliko unga wowote wa kopo unaouzwa mjini. Sigara, kwa mwenye nayo, huchelewesha mfupa kuunga. Hilo halina mjadala.

Wiki ya 13 hadi ya 16

Hazina habari nyingi, na ndivyo inavyotakiwa. Skwati 53.5, 56, 58.5, 61, zote seti 3 za 6. Asubuhi haikuzidi 2. Mbao ilitolewa wiki ya 15.

Wiki ya 17 hadi ya 20

Picha mpya ya eksirei: kingo zote nne. Daktari akaruhusu kuruka.

Nguvu ya kunyanyua polepole haigeuki yenyewe kuwa nguvu ya kurukia daladala. Kuruka kamba miguu miwili, sekunde 30, seti 3, mara mbili kwa wiki. Kisha kushuka kwa kuruka kutoka tofali, kutua miguu miwili na kubaki kimya sekunde 2. Sikiliza kutua: miguu miwili ikitoa sauti mbili, wa kushoto unakwepa mzigo. Kuruka kwa mguu mmoja kuliingia wiki ya 20, marudio 5 tu, kwenye udongo, kamwe si juu ya zege.

Skwati wiki ya 20: kilo 76 kwa 5.

Wiki ya 24: vipimo tena

- Paja: 54.8 / 53.2
- Kigimbi: 38.0 / 36.0
- Goti ukutani: sm 11 / 9
- Visigino: 27 / 21
- Kuinuka kitini: 15 / 12
- Mizani mbili, katikati ya skwati, uzito wa mwili 76: 39 / 37
- Skwati: kilo 91 kwa 5
- Dedilifti: kilo 121 kwa 5

Paja la kushoto limefika asilimia 97 ya kulia. Visigino ni asilimia 78 tu. Skwati na dedilifti hazikigusi kigimbi vya kutosha, na mtu akitazama kioo ataona paja tu. Kigimbi kinataka kazi yake mwenyewe, nzito, na kuna misuli yake ya ndani inayobeba sehemu kubwa ya kazi goti likikunjwa. Kwa hiyo visigino vya kukaa, sahani juu ya paja, vinaingia kwenye mpango pamoja na vya kusimama.

Sentimita 2 zilizobaki za kifundo zinategemea mvuto unasikika wapi. Ukisikika nyuma kwenye kigimbi, ni misuli, na kunyoosha kutasaidia. Ukisikika kama kubanwa mbele ya kifundo, ni kiungo chenyewe, na kulazimisha huleta uvimbe. Hapa ni mbele. Hatulazimishi, tunafunga tyubu ya baiskeli mbele ya kifundo, ivute nyuma kuelekea nguzo, huku goti likisukumwa mbele taratibu, seti 2 za 15 kabla ya skwati.

Kupiga magoti bado ni maumivu 4. Kwa anayesali, hilo ni mara kadhaa kila siku, na ni malalamiko ya kawaida kwa wenye msumari wa muundi, mengine hudumu miaka. Kinachojaribiwa: sponji ya sm 2 chini ya goti, mikono mbele ikibeba sehemu ya uzito, sekunde 30 mara 5 kila siku, kisha mikono irudi nyuma kidogo kila wiki. Sponji itabadilishwa na mkeka uliokunjwa, kisha mkeka mmoja. Kutoa msumari ni uamuzi wa daktari, na hauhakikishi kwamba maumivu yataondoka.

Kuanzia wiki ya 25

Jumatatu: skwati 91 kwa 5, seti 3, kilo 2.5 kila wiki asubuhi ikiruhusu. Skwati ya Kibulgaria, dambeli za kilo 15, kushoto 3, kulia 2. Visigino vya kusimama mguu mmoja ukishika dambeli ya kilo 10, kushoto seti 4 za 8, kulia seti 3.

Jumatano: skwati ya mkanda 5 za sekunde 45, visigino vya kukaa kilo 30 seti 4 za 12, kamba.

Ijumaa: dedilifti 121 kwa 5, seti 2, kupanda benchi la sm 45 kwa kushoto, dambeli za kilo 10, seti 3 za 8, vidole vya mguu wa chini vikiwa juu.

Mizani mbili kila baada ya wiki 4. Pengo likizidi kilo 4, skwati inarudi kwenye uzito wa mwisho uliokuwa chini ya pengo hilo.